Wali Uliomwagwa Siku ya Hitima

Basi wakaishika sufuria huku na huku, Mzee Shomari upande mmoja na shemeji yake upande wa pili, magunia mabichi mikononi, wakaibeba mpaka kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, wakaumwaga wali. Wote. Wali wa hitima ya mke wake mwenyewe, umeiva, unanukia iliki, na watu wamekaa kwenye mikeka wanasubiri kunawa. Hilo umelisikia, Kosta. Umelisikia kwa watu, na watu wamekupa nusu. Nusu iliyobaki nakupa mimi mama yako, maana nilikuwa nimesimama pale pale na mwiko mkononi.

Zuhura, umeandika "wote"? Haya.

Ndiyo, anayeandika ni Zuhura, binti wa huyo huyo Mzee Shomari. Usikunje uso. Mimi shule niliisikia kengele yake tu, nikiwa shambani. Wewe umekwenda Mikumi tangu asubuhi kukata tiketi ya Tunduma, na basi ni kesho alfajiri. Nani mwingine aniandikie? Katekista? Katekista ana mwandiko mzuri lakini anarembesha. Nikimwambia nilifanya ushenzi ataandika nilipungukiwa. Zuhura nimemwambia andika ninavyotema. Akasema, "Mama, na mate niandike?" Mtoto huyu ana mdomo. Kaupata kwa mama yake.

Utauliza kwa nini barua, na mimi naongea kutwa mpaka kuku wananikimbia. Nimejaribu kwa mdomo mara tatu, mwanangu. Pasaka ile uliyokuja na shati la mitumba lenye ndege mgongoni, nilikuita jikoni nikuambie, nikaishia kukupa habari ya jogoo aliyechukuliwa na kicheche. Mdomo unaosema mambo ya bure kutwa nzima, kwenye hili umekufa ganzi miaka minne. Basi utaisoma. Na usiisome kwenye basi, isome leo, ukirudi tu, kabla hujala. Mambo ya kuchemsha maji na kufua, sijui ulale mapema, hayo siyasemi. Una miaka ishirini na miwili na fundi wa magari, ukishindwa kufua shati hilo ni shauri lako na shati lako.

Ninachosema ni hiki: kesho unaondoka, na tangu ulipopata habari ya wali ule hujampa Mzee Shomari shikamoo. Miaka minne! Jumanne mmekutana pale kwenye daraja la magogo, mimi nipo nyuma na kuni zangu kichwani, nimeona. Mzee kasimama pembeni akupishe, yeye na fimbo yake, akupishe wewe, na wewe umepita kama unapita kichuguu. Yeye ndiye aliyesema, "Hujambo, mwanangu?" Mkubwa kumwanza mdogo! Kifua kiliniungua. Nilitaka nikutupie kuni. Halafu nikakumbuka aliyekufundisha kupita hivyo ni mimi, kwa kunyamaza kwangu, nikaziweka kuni sawa nikaenda zangu. Siku nzima sikula.

Ngoja nianze mbali kidogo. Zuhura anacheka, anasema mbali kidogo yangu mimi ni Kigoma. Wewe andika.

Sisi hatukuzaliwa huku bondeni Kisanga. Sisi watu wa mlimani, Vidunda, hilo unalijua, lakini hujui tulivyoshuka. Walikuja mgambo asubuhi, lori wameliacha chini, wakasema kuanzia leo mnahamia kijijini, mtu asiishi peke yake kama nyani. Babu yako akasema, "Nina mihogo ardhini, na mama yangu kalala pale chini ya ule mti." Wakaezua nyumba, nyasi bado zinafuka moshi wa uji wa asubuhi. Mafiga matatu ya mama yangu mgambo mmoja akayapiga teke, moja moja, ili asirudi kupika. Na maneno yao yalikuwa mazuri! Eti ni kwa faida ya wote. Mimi nina mimba yako, nimekaa juu ya godoro la majani ndani ya lori, najiuliza: hao wote ni akina nani? Baba yangu si mmoja wao? Mama yangu je? Wote gani hao, ambao kila ninayemjua mimi yuko nje?

Babu yako hakufika mavuno. Alikufa akiwa ameelekeza uso mlimani, na mpaka leo nikikumbuka lile teke la mafiga nasaga meno. Yaliyobaki mdomoni ni machache, lakini nayasaga.

Hapo ndipo ulipozaliwa wewe, chini ya kibanda cha mabua. Nikashikwa homa, maziwa yakakauka. Na jirani yangu nilipangiwa. Kila kitu tulipangiwa, kwa kamba na vigingi. Jirani mwenyewe ni Bi Mwanahawa, mwenyeji wa hapa, Mwislamu, ambaye jaruba lake la mpunga lilikatwa katikati tukapewa sisi wageni. Alikuwa na kila sababu ya kutuchukia. Alikuwa na Zuhura kifuani, wa wiki tatu. Akakusikia unalia siku mbili, siku ya tatu akaingia bila hodi akakuchukua. Akasema, "Huyu ananyonya kama mwizi anayekimbizwa!" Zuhura kulia, wewe kushoto, miezi mitano. Zuhura hapa anasema ndiyo maana yeye ni mfupi, ulimmalizia maziwa yake. Msikie!

Hakuna mgambo aliyemwamuru, Kosta. Hilo ndilo nataka ulione. Waliotuswaga kama mbuzi tuishi pamoja hawakutufanya tuwe pamoja. Mwanamke mmoja aliyechukua mtoto wa watu kwa hiari yake, ndiye aliyetufanya.

Sasa sufuria. Miaka ikaenda, jumuiya za kanisa zikaanza, kila mtaa nyumba zake, tunakutana Jumamosi tunasoma Injili, tunaangalia nani mgonjwa, nani kafiwa. Na kwenye msiba taabu ilikuwa chombo. Miaka ile hata sabuni unapanga foleni, sufuria ya kupikia watu mia utaipata wapi? Tukaamua wanawake kumi na wawili, tukaenda kulima kibarua kwenye shamba la mkonge upande wa Kilosa. Msimu mzima. Mkonge unakuchoma mapajani mpaka unatembea kama bata. Na asubuhi ya kuondoka nani namwona barabarani na jembe lake? Bi Mwanahawa. Nikamwambia, "Mama Zuhura, hii ni kazi ya kanisa." Akasema, "Nilikuuliza?" Baadaye njiani akasema, "Nitalima kama nyie. Ujira wangu mimi ni mmoja tu: sufuria hizo zisijue nguruwe. Ili siku tukifiwa na sisi tuje kuazima bila kuulizana."

Tukaapa. Na huku kwetu si kiapo kidogo, nguruwe pori wanalala kwenye mihogo yako, wanaume wakiua mmoja kila nyumba ya Mkristo inanukia. Lakini sufuria zile, hapana. Padri alipokuja kuzibariki tukamweleza. Yule padri mzee, mwenye pikipiki inayokohoa. Akafurahi mno. Akasema mtu si tofali la kujengea kijiji, na kijiji si ngazi ya mtu mmoja kupandia. Akasema tunaimba manufaa ya wote, manufaa ya wote, basi hii hapa, imekaa chini mnaweza kuigonga ikalia. Na wote maana yake wote, si wengi. Akibaki mmoja nje si ya wote tena. Mimi nikaitikia amina kwa sauti kuliko watu wote. Nilidhani anawasema wale wa lori.

Wakanipa mimi nizitunze, sababu nyumba yangu ilikuwa na mlango wa mbao. Miaka kumi nikazitunza. Harusi, maziko, Maulidi, Krismasi. Wakati mwingine asubuhi inatoka kwa Wakristo, jioni inaingia kwa Waislamu, haijapoa.

Halafu ikaja ruksa, kila mtu auze na anunue atakavyo.

Usinifanye mjinga, sisemi kwamba zamani ilikuwa pepo. Zamani nilivaa kanga moja mpaka ikawa wavu. Vitu vikaja, tukafurahi. Lakini pamoja na vitu kikaja kitu kingine, kama panya kwenye gunia la mchele. Duka la ushirika likafungwa, likabaki la popo. Shamba la mkonge likasimama, watu wakaambiwa nendeni kwenu, na kwao hawakujui. Pampu ya maji ya kijiji, ambayo mabomba yake tuliyachimbia wenyewe na majembe yetu, siku moja tunafika na ndoo tunakuta kufuli. Kufuli! Tukiuliza, tunaambiwa ina mwenyewe. Kila kitu kikaanza kuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo kamwe si wewe.

Na ugonjwa huo ukaingia kwenye jumuiya, kwa mlango wa Fidelisi. Unamjua, katibu wetu, mwenye kioski cha mabati. Jumamosi moja tumemaliza sala, uani kwangu, akasimama na daftari. Akasema, "Ndugu zangu, mali ya wote ni mali ya mbwa. Angalieni sufuria zilivyobonyea! Zinaazimwa na kila mtu, hata asiyetoa mchango, hata asiyebatizwa. Nyumba zilizolima ni kumi na mbili. Kila nyumba ichukue chake, itunze chake. Siku hizi dunia ndivyo inavyokwenda."

Zimebonyea kwa kupikia watu, Fidelisi! Ulitaka zibonyee kwa nini? Hivyo ndivyo ningesema. Ningesema mbele ya watu wote, na ungesikia kicheko mpaka kituo cha treni cha Ulaya, hii Ulaya yetu ya Kilosa.

Sikusema. Unajua kwa nini? Kwa sababu aliongeza, "Na ile kubwa kabisa apewe Mama Kosta, kwa utunzaji wake wa miaka kumi." Watu wakapiga makofi. Nami nikasema sawa.

Na Bi Mwanahawa alikuwa pale pale, kwenye kona ya ua wangu, anapepeta mpunga wake. Alisikia neno kwa neno. Jina lake kwenye daftari la jumuiya halipo. Mama mmoja akauliza, na mama Zuhura je, si alilima? Fidelisi akasema, "Yeye alisaidia tu, kwa mapenzi yake." Nikaangalia chini. Mwanahawa akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema, "Basi zamani nilibisha hodi mlango mmoja, sasa nitabisha kumi na miwili. Mtanikondesha." Akaendelea kupepeta. Mapumba yakanijia usoni, na nikaona nimestahili.

Sufuria nyingine zilikwendaje, hilo swali. Moja Fidelisi akaweka saruji. Moja ikawa ya kuchachushia pombe. Moja ilikwenda na mwanamke aliyeolewa Dumila, akawa anachemshia mahindi ya kuuzia abiria. Yangu mimi ikakaa ndani bila kazi, maana nilishaanza kuona wivu nayo. Wakija kuazima nasema ina ufa. Halafu akapita mama mmoja wa Mikumi, ana kibanda cha nyama kando ya barabara ya malori. Akaiona. Akasema nipe nitumie, nitakuezekea chumba cha mwanao kwa bati. Bati hizo unazolalia chini yake, Kosta. Hizo hizo zinazokuamsha mvua ikinyesha. Nikampa.

Sikumwuliza nyama gani anapika. Hapo ndipo penyewe. Mikumi yote inajua kitimoto, hiyo nyama ya nguruwe, kinauzwa wapi, madereva wanapanga mstari, hata mimi nilijua. Lakini nisipouliza sijui. Mwanangu, ubaya wangu wote mkubwa niliofanya duniani nimeufanya hivyo, kwa kutouliza, huku nimevaa vizuri.

Wewe ukawa Morogoro kwenye ufundi. Bi Mwanahawa akashikwa homa, siku nne, akafa. Barua ikakufikia tumeshazika. Alizikwa siku ile ile kama ilivyo kwao, na hitima ikapangwa siku ya tatu. Nikasema wali nitapika mimi. Ni rafiki yangu, nani mwingine apike? Zuhura akaja mlangoni. Zuhura, ulisemaje? Anasema alisema, "Mama, baba anaomba sufuria ya mama."

Sufuria ya mama. Ndivyo walivyoiita nyumbani kwao, miaka yote. Mimi sikujua.

Nikamwambia ipo, nitaileta. Nikadandia lori la mkaa mpaka Mikumi. Nikafika pale kibandani, nikafunua kifuniko mwenyewe kwa mkono wangu. Kichwa cha nguruwe kinachemka ndani, masikio yamesimama. Kikanitazama. Yule mama akasema, "Unataka kipande?" Nikamwambia mwaga, nataka chombo changu. Tukagombana, akamwaga. Nikarudi nayo juu ya magunia ya mkaa, nimeikumbatia, naona kila anayepita anaijua harufu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nisikilize hapo. Nilikuwa na jioni nzima. Nilishukia karibu na nyumba yao, Mzee Shomari amekaa nje, ningemwambia pale. Sikusema. Nilikwenda mtoni nikaisugua kwa mchanga na majivu, mara moja, naangalia nyuma kama mwizi. Nikajiambia moto unasafisha. Nikajiambia asiyejua hana dhambi. Nikajiambia mwenye kosa ni Fidelisi aliyegawa. Nilijiambia mengi jioni ile kuliko padri wa Kwaresima.

Kesho yake nikapika. Na wali ulikubali, jamani! Siku nyingine unataka uive unakataa, siku ile kila punje imesimama peke yake. Watu wamejaa, wa kwao na wa kwetu, hata wafugaji wawili wamekuja na kibuyu cha maziwa. Mzee Shomari akanijia pale mekoni, macho mekundu, akasema polepole, "Mama Kosta, leo Mwanahawa anapikiwa kwa jasho lake mwenyewe. Ahadi yake mmeitunza. Nakushukuru."

Ingekuwa kanipiga kofi ningevumilia. Nikamwambia. Pale pale, na mwiko mkononi, nikamwambia yote, nguruwe, bati, mchanga wa mtoni. Hakupandisha sauti. Akasema, "Kwetu chombo kikiguswa hivyo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kinarudi kuwa safi. Ungeniambia jana tungeosha pamoja. Sufuria si kitu, Mama Kosta. Sasa umetupikia wali ndani yake."

Akageuka. Akawaambia watu, "Wali huu hauliwi. Msiniulize." Basi. Wakamwaga, kama ulivyosikia.

Na watu wakajiuliza wenyewe na kujijibu wenyewe. Kwamba Shomari kakataa mkono wa Mkristo. Kwamba mke alikuwa mwema, mume ni mbaguzi. Wakristo wenzangu walinizunguka wananipa pole, Kosta! Pole! Fidelisi akasema, "Unaona? Ndiyo shukrani yao." Na mimi nikaipokea pole ile. Nikajifuta macho kwa kanga na kuipokea. Mzee anasikia, anaendelea kuwapa watu maji ya kunywa.

Zuhura ameacha kuandika. Andika, mama, andika, nimeshafika katikati, siwezi kurudi.

Mchele ukakusanywa upya, wanawake wakakimbia kila mmoja kwake. Vijisufuria thelathini, moto thelathini. Mmoja kaleta bokoboko, mwingine mchele mtupu, mwingine unanuka moshi, mwingine kaona aibu hakuleta. Watu wakala kwa zamu, jua limekwisha kugeuka, wazee wa mbali wakaondoka na njaa. Nikaangalia vile vijisufuria vimepangwa uani, kila kimoja kina mwenyewe, na vyote kwa pamoja vimeshindwa kumzika mtu mmoja kwa heshima. Mtu ambaye alimnyonyesha mtoto wa mwenzake bila kuuliza faida yake ni ipi.

Siku ya saba mzee akaniita. Kaweka maji, kaweka udongo. Tukaosha, mimi namimina, yeye anasugua, anahesabu. Tulipomaliza nikamwuliza, "Mbona husemi? Watu wanakuchafua." Akasema, "Nikisema, wewe utakaa wapi? Hapa uliletwa kwa lori. Nani atakuletea lori jingine?"

Hayo ndiyo maneno yake. Mimi nimeyabeba miaka minne. Ulipokuja kutoka Morogoro na hasira yako, ukaniuliza, "Mama, ni kweli alimwaga chakula chako mbele za watu?" nikasema, "Yaishe, mwanangu." Hapo sikusema uongo hata neno moja. Lakini nilikutengenezea uongo mkubwa ukaenda nao, ukawa unampita mzee kama kichuguu.

Nikaenda kuungama, usifikiri sikwenda. Padri akaniondolea, halafu akauliza, "Na jina la mzee, utamrudishia lini?" Nikamwambia nitasali. Akasema, "Sala hazitafanya kazi hiyo kwa niaba yako." Nikatoka nimekasirika. Nimekasirika miaka minne, na Fidelisi, na wale wa lori, na mwenye kufuli la pampu, na wanastahili, Mungu aniwie radhi, wanastahili. Wale walibomoa nyumba ya baba yangu wakisema mtu si kitu. Hawa wakatugawa vipande wakisema mtu ni kila kitu. Lakini yule aliyesema "sawa" mbele ya rafiki yake anayepepeta mpunga hakuwa wa lori wala wa kufuli. Huyo alikuwa mimi, na hasira zangu zote zilikuwa mahali pa kujificha.

Jumamosi hii nitasimama jumuiyani. Nitasema yote, jina kwa jina, langu la kwanza. Fidelisi aandike kwenye daftari lake. Wakininunia waninunie. Lakini wewe Jumamosi utakuwa Tunduma kwenye magereji, ndiyo maana nakuambia leo.

Huko unakokwenda watu watakuwa wa kila aina, hata wewe utapangiwa majirani. Wakikuambia toa, ni kwa ajili ya wote, angalia kwanza nani wamemwacha nje. Na wakikuambia chukua chako uende, angalia nani alilima na wewe na jina lake halimo. Mimi sina maarifa mengine. Haya niliyonayo nimeyapata kwa bei unayoijua sasa.

Unanusa hiyo harufu? Hapana, hujafika bado. Ukifika utainusa kutoka barabarani. Ni sufuria ile ile, iko kwa Mzee Shomari tangu siku ya kuosha. Anaazima kila anayekuja, hata Fidelisi alimwoza binti yake kwa sufuria hiyo, na mzee akampa bila neno. Sasa iko motoni uani kwao. Wali wa kukuaga wewe. Nilimwambia hutakuja, akasema, "Mtoto wa Mwanahawa hawezi kusafiri na tumbo tupu," akawasha moto.

Unamsikia? Anaita.

"Mama Kosta! Wali unashika chini huku, wewe na karani wako mmeamua tule makaa?"

Nakuja, Mzee Shomari! Ona, mzee mzima anapika mwenyewe. Ameshaitenga sahani yako, Kosta. Usipotokea ataufunga kwenye jani la mgomba nikuletee ule njiani, na hatasema neno. Hiyo ndiyo itakayoniua, kwamba hatasema neno. Wewe ndiye unalo la kusema, na ni neno moja, na ulilijua kabla hujajua kutembea.

"Mama Kosta!"

Nakuja, baba, ni goti hili! Zuhura, ishia hapo, usitie kwaheri. Kiweke kikaratasi juu ya begi lake aone akiingia, halafu uje. Nipe mkono niinuke. Na mwiko wangu uko wapi?